Mwongozo kwa Msafiri Asiye na Lafudhi

Kwanza pokea hongera. Wenzako wote wana lafudhi: Mkurya anayo, Mluo anayo, Mpemba anayo, Mkongomani ndiyo usiseme. Wewe umejaliwa Kiswahili kitupu, kisichonuka kijiji chochote. Ushahidi unao: kwenu hakuna aliyewahi kukucheka, na mtangazaji wa taarifa ya habari, ukimsikiliza vizuri, anazungumza karibu kama wewe.

Mwongozo huu ni wako, kwa sababu wewe ndiye utakayeadhirika. Mwenye lafudhi anajua kwamba anayo. Ametaniwa shuleni, akataniwa jeshini, akataniwa kwenye kikao cha harusi, na siku hizi mtu akimwiga yeye humsahihisha ili amwige vizuri zaidi. Wewe utashuka stendi umejiamini, utafungua mdomo kuulizia choo, na muuza vocha atamgeukia mwenzake amwulize, bila hata kupunguza sauti, "Huyu naye katokea wapi?" Hilo ni swali ambalo hujawahi kuulizwa, na jibu lake hulijui.

Hati za kusafiria

Ikiwa umezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, utasema kwamba huna lafudhi kwa kuwa unavyosema wewe ndivyo Kiswahili kilivyo. Una hoja, na hoja yako ina mhuri wa serikali. Mwaka 1928 wakuu wa elimu na wamisionari wa makoloni ya Mwingereza walikutana wakakubaliana kwamba Kiswahili cha vitabuni kitajengwa juu ya Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kusimamia uamuzi huo katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyobeba jina la Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza. Mkutano ule wa 1928 ulifanyikia Mombasa. Ni sawa na kualikwa kwa mtu, ukala pilau yake, ukanawa, kisha pale pale jamvini ukatangaza kwamba pilau ya jirani ndiyo yenye ladha. Watu wa Mombasa hawajasahau. Ukiwa Mwunguja, usiyaanzishe mazungumzo hayo kabla hujajua mlango wa kutokea uko wapi.

Waliokuwa mezani hawakupima utamu. Walipima urahisi wa kazi. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa. Steere na wamisionari wenzake waliweka kambi Unguja, na kitabu cha Steere cha sarufi kikatoka mwaka 1870. Kila upande ulitetea shule na vitabu vyake. Kiunguja kilikuwa na sifa moja ya ziada: kilikwisha kutembea. Kilikwenda na misafara ya pembe hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kikiwa begani kwa wapagazi ambao wengi wao kwao ilikuwa lugha ya pili. Kwa hiyo hata hicho kinachoitwa kitupu kilishapita katika koo za Wanyamwezi kabla kamati haijazaliwa.

Tena isome hati yako mpaka chini. Kamati ilisanifisha herufi, ngeli na maana za maneno. Koo za watu haikuzifikia. Panda gari la Makunduchi, kusini mwa kisiwa hicho hicho, na kabla hujamaliza karanga zako Kiswahili cha kamati kimekwisha. Huko wana lugha yao ya kale, na mtu wa mjini hulazimika kuomba kurudiwa. Kizimkazi, alikozaliwa Rais Samia Suluhu Hassan, ni pande hizo hizo. Wengine waliomtangulia katika kiti cha Muungano ni hawa: Nyerere wa Butiama, Mwinyi aliyezaliwa Kivure huko Mkuranga ingawa malezi yake yalikuwa ya Unguja na yalisikika, Mkapa wa Lupaso, Kikwete wa Msoga, na Magufuli wa Chato, ambaye hakujisumbua kuificha Kanda ya Ziwa hata siku moja, na kila aliyetumbuliwa alimwelewa mara moja bila mkalimani. Nchi iliyokitukuza Kiswahili kuliko zote haijawahi kuwa na rais aliyezaliwa kwenye vichochoro ambavyo Kiswahili chake ndicho kilichopewa mhuri.

Pwani ya kaskazini

Sasa tuanze safari. Mombasa utaitwa, "Ndoo!" Usitafute ndoo. Unaitwa uje. Utaulizwa kama una ndaa, utaonyeshwa ndia, utaambiwa ukae tini na uangalie kitwa chako usijigonge. Ukiwa mtu wa kukasirika haraka utadhani unachezewa. Hapana, ni wewe uliyekuja na *ch* na *nj* katika mji ambao maneno hayo hayazihitaji. Panda zaidi hadi Lamu na utaambiwa kwamba fulani anateka sana. Kwa hali ilivyo huko tunakotoka, nakuomba usikimbilie kituo cha polisi. Anacheka tu.

Hayo ni mepesi, maana yanasikika. Taabu iko kwenye usichokisikia. Mvita ana *t* mbili, moja ncha ya ulimi ikigusa meno na nyingine ikigusa ufizi, na kwake hizo ni sauti mbili kamili. Ana *k* ya kawaida na *k* yenye pumzi. Kaa wa baharini hutamkwa kwa pumzi. Kaa la moto halina pumzi. Paa wa porini ana pumzi, paa la nyumba halina. Tahajia ya kamati haikuzitilia maanani tofauti hizi, nawe uliyejifunza Kiswahili kwa macho ukazikosa. Kwa hiyo ukienda mkahawani ukaagiza kaa kwa mdomo wa Dodoma, kwa sikio la Mombasa umeagiza kipande cha mkaa. Mhudumu hatakwambia. Atakuletea kaa, na atasimulia jikoni.

Utajitahidi. Utamwomba mwenyeji arudie, atarudia, nawe utasema "nimesikia" huku hujasikia kitu. Si ubishi wa ulimi. Sikio lenyewe limekwisha kufungwa. Mwaka 1984 watafiti wawili nchini Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wakiwa na miezi 6 hadi 8, waliweza kutofautisha *t* mbili za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hawazitofautishi. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi wao uwezo huo uliwatoka. Mtoto huzaliwa na sikio la kila nchi, kisha kabla hajajua hata kutembea anakwisha kuamua zipi ni kelele na zipi ni lugha. Anaamua kwa kuwasikiliza waliombeba. Kwa maneno mengine, kilichokuzuia kuagiza kaa Mombasa ni bibi yako wa Dodoma, naye alifanya hivyo kwa mapenzi tu, akikubembeleza ulale.

Kwenye r na l

Ukiondoka pwani kuelekea bara utaingia eneo la *r* na *l*, ambako wasiojihadhari hujikuta wanacheka wakati mwenyeji hacheki. Kanuni ya kwanza: hakuna anayekosea kwa uvivu. Kila mtu analipa kwa sarafu aliyopewa nyumbani. Gikuyu haina *l*, basi Mkikuyu aliyekulia Nyeri anatoa *r*. Kikurya nacho hakina *l*, na ndiyo maana Tarime watu huenda kurara. Kisukuma, ng'ambo kidogo tu ya hapo, hakina *r*, na Mwanza utakalibishwa kwa moyo mweupe. Maumbile yana utani wao: Mkurya na Msukuma ni majirani wa ziwa moja, kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake hana, na kati yao wawili alfabeti imetimia. Wakioana wakaishi Musoma mjini, mtoto wao atatamka zote mbili bila shida, kisha atawasahihisha wazazi wote wawili mbele ya wageni.

Jihadhari na mtu aliyeambiwa kwamba anakosea. Huyo ni hatari kuliko anayekosea kwa amani. Alichekwa sekondari kwa kusema "balua", akaapa, na tangu siku hiyo anapachika *r* kila mahali kwa usalama, akaja na "rakini". Vivyo hivyo mtu wa bara aliyechekwa kwa "zambi" na "selasini" akienda pwani hujaza *dh* kila penye *z*, mpaka anakuletea "dhawadi". Mpokee zawadi yake, ushukuru, unyamaze. Wapwani wanaijua *dh* tangu chuoni, kwa fimbo ya mwalimu wa Kurani. Yeye kaiokota ukubwani, akiwa na hofu.

Dholuo haina *sh*, haina *z*, haina *v*. Mluo wa Siaya atakulimia samba na kukuwekea fitabu juu ya mesa. Mbukusu ataipa *b* yako uzito wa *p*, na Mkalenjin, ambaye lugha yake haitenganishi *k* na *g* wala *p* na *b*, atazipanga anavyoona inafaa. Wakenya wana kitenzi cha haya yote, kushrabu, na wamekijengea biashara nzima ya vichekesho. Lakini kabla hujanunua tiketi, mfikirie Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Kwa miongo kadhaa aliivunja Kenya mbavu kwenye *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani* akiwa Mzee Ojwang' Hatari, na lafudhi yake ya Kiluo ilikuwa imeiva hata hukuona mshono. Alikuwa Mkikuyu. Wapo waliomtazama miaka yote hiyo wakadhani wanasikia damu ikizungumza, kumbe walikuwa wanasikia kipaji na mazoezi. Tangu nilipolijua hilo sijamwamini tena mtu anayesema anaweza kutambua kabila la mtu kwa kumsikiliza dakika moja, ingawa mimi mwenyewe naendelea kubahatisha, na wewe utaendelea.

Namanga

Mpaka huu wa Kenya na Tanzania una ukaguzi wa aina mbili. Wa mizigo utaumaliza. Wa pili unaanza ukifika mgahawani.

Mtanzania akiingia Nairobi atapandishwa cheo papo hapo. Hata kama ametoka Bukombe, hata kama Kiswahili kidato cha nne alikipatia D, ataambiwa, "Wee unaongea Kiswahili safi!" na kuombwa aendelee kuongea ili watu wasikie. Wakenya hawachambui lafudhi za Tanzania. Kwao anayevuka Namanga ni mwalimu wa Kiswahili, hata awe amekuja kuuza vitunguu. Heshima hiyo ina gharama yake: utakapojaribu kuuliza njia kwa kusema, "Samahani kaka, habari za saa hizi, naomba kukuuliza kidogo," ukiinua macho kaka ameshapanda matatu.

Mkenya anayeelekea Dar es Salaam ana kazi ngumu zaidi. Kosa lake haliko kwenye herufi, liko kwenye mwendo. Atasema "Nipe maji" kwa sauti ile ile anayotumia kwao, ambako hilo ni ombi la kawaida kabisa, na dada wa mgahawani atayaleta maji akiwa amenuna kana kwamba ametumwa na mjumbe wa nyumba kumi. Sema "Naomba". Weka "dada" mbele. Usiogope kurefusha; Dar neno "sana" linaweza kubeba *a* tatu bila kuvunjika. Na ukimkuta mtu mzima, toa shikamoo hata kama kwenu mliiacha darasani pamoja na insha. Usipoitoa hawataona kwamba una haraka. Watauliza ulilelewa na nani.

Kisha mtambulishe mkeo. Ukisema "Huyu ni bibi yangu", mwenyeji ataamkia kwa adabu zote, kwa kuwa upande wake bibi ni mama wa mzazi, na mkeo wa miaka thelathini atabaki ameshika glasi ya soda akijiuliza uso wake una nini. Na ukitaka kutengeneza mambo kwa Kiswahili cha shuleni, ukataja runinga na tarakilishi, kila mtu atakutazama kwa heshima na huzuni. Huko wanasema TV na kompyuta. Kenya ilijifunza Kiswahili kwa mtihani, na mtihani una lafudhi yake pia: maneno hutoka yamepigwa pasi.

Mahali ambapo hakuchekwi

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi Wagileadi walivyovishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, akauawa, na kitabu kinahesabu waliokufa kuwa 42,000. Ni *sh* ile ile ambayo Nairobi inauzia tiketi za vichekesho.

Kigoma inapakana na Burundi, na Kiha kinakaribiana sana na Kirundi, kiasi kwamba Muha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana bila kutafuta mkalimani. Lugha ilikuwepo pale kabla ya mpaka. Kwa hiyo Muha akizungumza Kiswahili, kinachosikika chini yake ni kile kile kinachosikika chini ya Kiswahili cha Mrundi, na malalamiko ya watu wa Kigoma kwamba wanashukiwa uraia kwa sababu ya wanavyotamka ni ya siku nyingi. Kama unatoka huko, ushauri wa mwongozo huu ni mfupi: kitambulisho kiwe kwenye mfuko wa shati, si ndani ya begi. Kama hutoki huko, na unaona jambo hili ni dogo, jiulize ni lini mara ya mwisho ulidaiwa karatasi kwa sababu ya namna ulivyosema "habari za asubuhi".

Ukivuka ziwa kuingia Kongo utakutana na batoto, bintu na mayi. Watu wa Dar husikia hayo wakacheka kwa kujiamini kabisa: kwao hicho ni Kiswahili kilichoharibika njiani. Usicheke haraka. Mtu wa Lubumbashi anasema *mayi* na *moya*. Mtu wa Lamu husema *mai* na *mmoya*. Mmoja yuko kwenye migodi ya shaba, mwingine yuko kisiwani ambako tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya kamati yoyote, na wote wawili hawana *j* ile ambayo Unguja imeiweka. Kwa hesabu ya kura, aliyepinda ni Unguja. Simaanishi tuipigie kura.

Nani anaruhusiwa kuiga

Swali hili huulizwa na wachache na ndilo lenye kuokoa meno. Tanzania imeliwekea utaratibu tangu zamani kupitia utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali karne ya kumi na tisa. Leo ni watani, na Mngoni anaweza kuingia msibani kwa Mhehe akaiga "kamwene" ya wafiwa hadi jeneza litikisike, na asipofanya hivyo ataulizwa kama anaumwa. Mchaga na Mpare wana mkataba kama huo. Mhaya ataambiwa *nshomile* na mtu yeyote, naye hulipokea kama cheo. Lakini utani una mipaka inayojulikana na wahusika, na wewe usiye na lafudhi, kwa kuwa huna kwenu panapojulikana, huna mtani hata mmoja. Ukiiga, unadhihaki. Tofauti hiyo haiko kwenye sauti yako. Inaweza kuwa sauti ile ile, neno lile lile, kwenye msiba ule ule.

Bosi kumwiga mfagizi si utani. Mwalimu kumsimamisha mtoto aseme "lala" mara kumi mbele ya darasa linalocheka si utani, wala si ufundishaji. Ni kumfundisha mtoto kunyamaza. Wako watu wazima wenye akili nzuri tu ambao hawasimami kuuliza swali kwenye mkutano wa kijiji hadi leo, na ukichunguza utakuta ni *r* moja tu iliyowakalisha.

Kuna kuiga kwingine, kwa kujipandisha. Mtu amekaa Ulaya muda usiotosha hata kumaliza sabuni, akarudi akibana pua. Nairobi wanasema anatweng. Huyu mwache. Mpigie simu saa kumi usiku umwambie nyumba inaungua.

Kujua ulikotoka

Tumefika kwako. Ukitaka kujua lafudhi yako ni ya wapi, usijisikilize unapozungumza ofisini. Jisikilize unapohesabu pesa, unaposali kimoyomoyo kikatoka kidogo mdomoni, unapojigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, na hasa unapoongea na mama kwenye simu. Wenzako wa ofisini wanaijua simu hiyo. Wakikusikia tu umeanza kuvuta maneno na kupandisha sauti mwishoni, wanajua ni mama, na wanapunguza redio.

Na kama hata hapo hakitoki kitu, kama kweli kila neno lako halina anwani, basi naweza kubahatisha anwani yenyewe. Ulikulia kwenye nyumba za serikali. Baba alikuwa mwalimu, nesi, askari, bwana shamba au karani wa mahakama, akahamishwa Songea, akahamishwa Bukoba, akahamishwa Lindi. Mama alikuwa wa kabila jingine, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya chungu na ya fimbo. Majirani nao walikuwa wahamishwa. Redio Tanzania iliwashwa asubuhi ikazimwa usiku. Serikali ya miaka ile ilifanya hivyo kwa makusudi: ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, ikawapeleka vijana wa kusini sekondari za kaskazini na wa kaskazini za kusini, ikawachanganya mabwenini mpaka Msukuma akajifunza *r* kutoka kwa Mngoni aliyelala kitanda cha juu. Lafudhi iliyotokana na haya ni ya kweli kabisa kama ya Pemba. Ina mipaka yake, ni ile senyenge ya nyumba za watumishi. Ina wazee wake, ni wale watangazaji. Anayetoka kijijini nje ya senyenge huisikia mara moja, na kwake haisikiki kama Kiswahili kisicho na lafudhi. Inasikika kama mtu aliyekuja kukusanya kodi.

Ushauri wa mwisho unahusu mizigo hai. Kama unahamia mji mwingine na una mtoto mdogo, usijidanganye kwamba atazungumza kama wewe kwa kuwa wewe ndiye unayemlisha. Malezi ya mdomo hayako mikononi mwa mzazi peke yake. Mzazi anaanzisha, kisha watoto wa mtaa wanamalizia, na wanamalizia haraka. Mama wa Tanga na baba wa Tanga wakihamia Mbeya, muhula wa pili haujaisha mtoto ameshabadilika, na sababu ni nzuri: bila hivyo hapewi mpira. Likizo utampeleka kwa bibi yake, naye bibi atamsikiliza kidogo, atakugeukia wewe, na atataka kujua huyu mtoto unamlea au umemkodisha. Usibishane na bibi. Wala usijaribu kumrekebisha mtoto mtakaporudi, kwa kuwa atakueleza kwa subira kwamba wewe ndiye unayetamka vibaya, na kwa mtaa ule mzima anao mashahidi.